Makala Zilizosomwa Kimakosa

Nchi ya Mbelembele haimo kwenye ramani uliyonayo, kwa hiyo usijisumbue kuitafuta. Ni nchi tulivu, yenye hewa safi na wizara nyingi. Ina Wizara ya Barabara, na mkabala nayo Wizara ya Mashimo, kwa sababu ilionekana hizo ni kazi mbili tofauti na kila moja inastahili gari lake. Ina Wizara ya Subira, ambayo haijawahi kumjibu mtu barua. Na ina Wizara ya Umaarufu, ambayo kazi yake ni kuhakikisha kwamba hakuna raia anayekuwa maarufu bila kibali.

Katika nchi hiyo aliishi Dokta Sikudhani Lugome, mwalimu wa hisabati katika Chuo cha Ukingoni. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya taratibu, na alikuwa na tabia ya kucheka peke yake akikuta kosa zuri kwenye daftari la mwanafunzi. Hakuwa na mume wala gari. Alikuwa na mama yake, Bi. Mwatumu, aliyeishi naye nyumba moja. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika Bi. Mwatumu macho yote mawili, hata akawa anasalimiana na koti lililotundikwa mlangoni na kuliuliza habari za watoto. Hospitali Kuu ilikwisha kubali kumpasua, na siku ikapangwa, na Sikudhani alikuwa akiingoja siku hiyo kama wengine wanavyongoja harusi.

Pamoja na kufundisha, Sikudhani alikuwa mhariri wa Jarida la Hisabati la Chuo cha Ukingoni. Usiogope jina. Jarida lenyewe lilikuwa pole kabisa. Lilitoka pale karatasi ilipopatikana, likasomwa na wale walioliandikia, na hata hao wengi wao waliishia kwenye ukurasa wenye majina yao. Karatasi ilipokosekana moja kwa moja, fundi wa kompyuta wa chuo, Bwana Ndimbo, aliyakusanya matoleo yote ya zamani, akayapiga picha na kuyapandisha mtandaoni. Mahali hapo akapaita Hifadhi. Kisha, kwa kunogesha, akaweka pembeni ya ukurasa kisanduku kidogo chenye maandishi ya buluu: Makala Zinazosomwa Zaidi.

"Cha nini?" Sikudhani aliuliza.

"Tovuti zote za maana zinacho," alisema Ndimbo. "Tukikikosa tutaonekana washamba."

Kisanduku kilijihesabia chenyewe, na kilikuwa kikali kuliko msimamizi wa mitihani. Kilimhesabu msomaji aliyeifuata makala mpaka mstari wa mwisho tu. Aliyefungua akachungulia akatoka mbio hakuhesabiwa. Ndiyo maana kwa muda mrefu hakikuwa na kitu ndani, na hakuna aliyekumbuka kwamba kipo.

Sasa, siku moja mtu fulani alikuwa kwenye foleni ya pasipoti mjini. Jina lake halijulikani mpaka leo, na ni bahati yake. Alikuwa amesimama tangu asubuhi, mbele yake mgongo uleule wenye shati lilelile, na kwa uchungu wake akatoa simu akaandika: kwa nini foleni haisogei. Mtandao ukatafuta, haukuona jibu kokote serikalini, ukamletea makala kutoka Hifadhi ya Chuo cha Ukingoni. Kichwa chake: "Kwa Nini Foleni ya Jirani Huenda Haraka." Mwandishi: S. Lugome.

Sikudhani alikuwa ameiandika miaka mingi nyuma, kwa hasira, wiki aliyokuwa akimhangaikia mama yake kitambulisho. Makala ilieleza kwamba foleni ya jirani huenda haraka kwa sababu majirani ni wengi na wewe ni mmoja, kwa hiyo si ajabu foleni iliyobahatika isiwe yako. Ikaeleza kwamba watu wakisimama foleni moja tu inayolisha madirisha yote, hakuna atakayejutia aliyoichagua. Lakini utamu ulikuwa kwenye sehemu ya mwisho. Tuseme, iliandika makala, dirisha linahudumia watu kwa kasi fulani, na wakubwa wanaopitia mlango wa nyuma wanafika kwa kasi hiyohiyo au zaidi. Basi mtu wa kawaida aliye mbele kabisa ya foleni hatahudumiwa kamwe. Ana haki zote, ana karatasi zote, yuko wa kwanza, na foleni yake haina mwisho. Chini yake kulikuwa na mlinganyo, na chini ya mlinganyo mchoro wa mtu mwenye ndevu zilizofika sakafuni, na chini ya mchoro maelezo madogo: "Msomaji ataona kwamba kuongeza viti hakusaidii."

Yule mtu wa pasipoti alisoma mpaka mwisho, akacheka mpaka askari akamtazama. Akamtumia wa mbele yake. Akamtumia wa nyuma yake. Mpaka jua linageuka, ofisi nzima ya pasipoti ilikuwa inacheka, na dirisha moja lililokuwa wazi likafungwa kwa kuhofia ghasia.

Ndani ya wiki moja kisanduku cha Bwana Ndimbo kilijaa. Makala ya Sikudhani ilikuwa juu kabisa. Chini yake zilifuata nyingine za wenzake, maana watu wakishaingia mahali huangaza macho: moja ya namna ya kukata keki ili watoto wasigombane, na nyingine kuhusu kwa nini soksi hupotea mojamoja. Sikudhani alipoonyeshwa alikaa kwenye kiti akashika shavu.

"Wanasoma mpaka mwisho?" aliuliza.

"Mpaka kwenye ndevu," alisema Ndimbo.

Alifurahi, kwa nini afiche? Mtu akiandika jambo likakaa miaka bila kusomwa, kisha siku moja likasomwa, ni kama kubisha hodi kwenye nyumba uliyodhani ni tupu ukasikia "karibu." Alirudi nyumbani akamweleza mama yake.

"Waliosoma wanakulipa?" Bi. Mwatumu aliuliza.

"Hapana, mama."

"Basi ni thawabu. Nipe chai."

Ila kisanduku kilikuwa na ncha ya chini pia, na pale chini kabisa, chini ya tangazo la mkutano ulioahirishwa, kulikuwa na makala ya Mtukufu Kinara wa Taifa.

Hapa inabidi nieleze kidogo. Kiongozi wa Mbelembele huitwa Mtukufu Kinara. Chuo cha Ukingoni kilikuwa kimemtunuku shahada ya udaktari wa hisabati siku aliyokuja kufungua bomba la maji, na yeye kwa shukrani akaliandikia jarida makala yenye kichwa "Kujumlisha Kama Nguzo ya Umoja wa Kitaifa." Ilikuwa ndefu kuliko jarida lenyewe, ikabidi itoke peke yake. Humo Mtukufu alithibitisha kwamba kujumlisha ni jambo la kizalendo. Kuzidisha aliruhusu, kwa mashauriano na Wizara ya Afya. Kutoa alikulaani, kwamba ni tabia ya wapinzani. Na kugawanya, aliandika, ni kugawanya taifa, na adhabu yake ni ya uhaini. Mabalozi wote waliifungua makala hiyo, kwa heshima. Aliyefika mstari wa mwisho hakuwepo.

Haikuchukua muda Waziri wa Umaarufu, Mheshimiwa Gosbert Mapozi, akafika chuoni na msafara. Alikuwa mtu mfupi mwenye suti ya kung'aa na tabia ya kusimama kiubavu, kana kwamba mpiga picha yuko karibu. Mara nyingi alikuwepo. Sikudhani alimpa kiti. Akakikataa, akakaa kwenye meza.

"Dokta," alianza, "serikali haina ugomvi na hisabati. Serikali yenyewe hutumia hisabati inapobidi. Lakini tumesikitishwa, na ninaposema tumesikitishwa ujue nimetumwa, kuona kwamba foleni imekuwa maarufu kuliko umoja wa kitaifa. Nani aliipa foleni kibali?"

"Hakuna aliyeipa, Mheshimiwa. Kompyuta inahesabu wasomaji."

"Hiyo kompyuta imeajiriwa na nani?"

"Na chuo."

"Basi ni mtumishi wa umma. Iandikiwe onyo."

Bwana Ndimbo, aliyekuwa amesimama mlangoni na bisibisi mkononi, aliona njia nyepesi. "Mheshimiwa, kama shida ni tarakimu tu, naongeza sifuri chache kwenye ile ya Mtukufu. Dakika moja."

Waziri aliruka kutoka mezani kama aliyekalia mwiba. "Usithubutu! Mnataka niondolewe?" Akafunga mlango, akateremsha sauti, na kwa mara ya kwanza akasimama sawasawa. "Hamjui yaliyonikuta. Uchaguzi uliopita Mtukufu alipata kura nyingi kuliko wapiga kura. Nilimpelekea habari mwenyewe, nikitegemea atafurahi. Alikuwa anamenya chungwa. Hakuinua hata kichwa. Akaniambia, 'Mapozi, asilimia zangu zote mnanipikia jikoni. Nimeshiba. Kabla sijafa nataka kitu kimoja ambacho hamkukipika.' Sasa kasikia kuna kisanduku Ukingoni kinachohesabu watu wa kweli, akaniambia hicho ndicho anachokitaka. Wasomaji wa kweli, mpaka mwisho. Nitawatoa wapi?"

Sikudhani alimwonea huruma kidogo. "Mheshimiwa mwenyewe umeisoma mpaka mwisho?"

Waziri alikohoa. "Mimi niliisoma kwa moyo."

Kisha akaurudia ubavu wake. Alitoa amri mbili. Ya kwanza, jarida lingefungwa na mhariri wake angefukuzwa kazi iwapo makala ya Mtukufu haitashika nafasi ya kwanza kwa njia za kweli kufikia Sikukuu ya Taifa. Ya pili, makala ya foleni isiondolewe, kwa sababu Mtukufu ametaka ushindi wa haki, na ushindi wa haki unahitaji mtu wa kushindwa.

Kampeni ikaanza. Wizara ya Umaarufu ilitangaza Msimu wa Kusoma kwa Hiari, na ili hiari hiyo isije ikamkosa mtu, ikaundwa karatasi iitwayo Cheti cha Msomaji. Bila cheti hakuna maji, hakuna leseni, hakuna ndoa. Marehemu asiye na cheti alihesabiwa kuwa hajafa, ila amechelewa kazini. Na ili kuzuia udanganyifu, makala ilitakiwa isomwe kwenye vituo maalumu, kwa kompyuta za serikali, mbele ya karani. Kila kituo kilipewa kompyuta nyingi na waya mmoja wa umeme.

Unaona mwenyewe kilichofuata. Kompyuta moja, makala isiyokwisha, taifa zima mlangoni. Foleni zikatokea ambazo hazijawahi kuonekana hata enzi za uhaba wa sukari. Foleni ikiingia mtaa, mtaa unabadilika kuwa foleni. Na watu waliosimama kutwa nzima bila la kufanya, wakiisubiri makala ya Mtukufu, walifanya nini? Walitoa simu. Waliandika: kwa nini foleni haisogei.

Bwana Ndimbo alimwonyesha Sikudhani kisanduku huku akijizuia kucheka. Makala ya foleni ilikuwa imepanda mpaka tarakimu zake zinatoka nje ya mstari. Ile ya keki ilikuwa ya pili. Ya soksi ilikuwa imetafsiriwa nchi jirani. Ya Mtukufu ilikuwa palepale, chini ya mkutano ulioahirishwa. Kila aliyefikishwa mbele ya kompyuta alikuwa akisinzia karibu na sura ya pili, karani anamtikisa, anampa cheti cha muda kinachomruhusu kurudi kesho.

"Kadiri wanavyolazimishwa," alisema Ndimbo, "ndivyo unavyozidi kupanda. Waziri ndiye wakala wako."

Lakini Sikudhani hakucheka. Asubuhi ile alikuwa ametoka Hospitali Kuu.

Alikuwa amempeleka mama yake kuthibitisha siku ya upasuaji. Mpokeaji wagonjwa, dada mwenye kucha ndefu za rangi, aliomba cheti.

"Mama hajasoma," alisema Sikudhani. "Haoni."

"Asome kwanza."

"Dada yangu, haoni. Ndiyo maana tumekuja."

"Ndiyo, na atatibiwa. Akishasoma."

"Atasomaje kabla hajatibiwa?"

Yule dada alifikiri kwa moyo wake wote, maana hakuwa mtu mbaya. "Labda," alisema, "asome kidogo, atibiwe kidogo."

Bi. Mwatumu alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono juu ya mkoba, uso ameuelekeza ukutani akidhani ndiko kwenye watu. "Sikudhani, wanasemaje?"

"Wanasema tusubiri kidogo, mama."

"Mimi sina haraka," alisema Bi. Mwatumu. "Ila kabla sijafa ningependa nikuone sura."

Sikudhani alimwongoza mama yake kurudi nyumbani. Alikuwa amezoea kwamba hesabu zake hazina mtu ndani. Kuna foleni, kuna dirisha, kuna kasi. Sasa yule mtu wa mwishoni mwa mlinganyo, mwenye haki zote na karatasi zote, alikuwa amemshika mkono barabarani, anauliza kama pale kuna shimo.

Kesho yake wakaenda kituoni, Ukumbi wa Ukombozi wa Pili (wa Kwanza ulikuwa kwenye ukarabati). Foleni ilikuwa imezunguka jengo. Sikudhani alijiandaa kwa vurugu, lakini alichokikuta kilimshangaza. Watu walikuwa kwenye mstari mmoja, umenyooka, kila mtu na nafasi yake. Hapakuwa na kusukumana. Mama mmoja mnene mwenye kilemba cha manjano, aitwaye Bi. Salome Kapufi, mshonaji nguo, alikuwa akipita huku na huku akipanga watu.

"Mmefika? Nyuma ya yule baba wa kofia," aliwaambia. "Hapa tunafuata ile makala. Foleni moja, na mlango wa nyuma tumeuegemezea kabati."

"Makala gani?" Sikudhani aliuliza.

"Ya Lugome! Hujaisoma? Dada, wewe unaishi wapi?"

Sikudhani hakujitambulisha. Aliona haya, kisha akaona raha, kisha akaona haya kwa kuona raha. Bi. Salome alipomwona Bi. Mwatumu na fimbo yake, aliuliza foleni nzima kama inaridhia kikongwe apite mbele. Foleni ikaridhia kwa sauti moja, kwa hiyo wakasogea mpaka karibu na dirisha.

Hawajakaa sawa, gari jeusi likasimama. Akashuka Katibu wa Wizara ya Mashimo, miwani ya jua usoni, akatembea moja kwa moja kuelekea mbele.

"Shikamoo, baba," alisema Bi. Salome akimzibia njia. "Mwisho wa foleni uko kule kwenye nguzo."

"Wewe unanijua mimi?"

"Hapana, baba. Ndiyo maana sijui nikuweke wapi zaidi ya mwisho."

"Mimi ni mtu wa haraka!"

"Wewe ni wa makala ukurasa wa mwisho," mtu akapaza sauti kutoka nyuma, "wale wa kasi ileile au zaidi!" Foleni ikaangua kicheko. Katibu akatazama huku na huku, akaona kabati kwenye mlango wa nyuma, akaona watu wametulia kabisa, na utulivu ule ulimtisha kuliko ghasia. Akaenda kwenye nguzo. Ilikuwa mara yake ya kwanza, na hakujua mikono huwekwa wapi.

Kicheko hakijaisha ving'ora vikasikika. Mtukufu Kinara alikuwa amekuja kuwaona wasomaji wake.

Aliingia na waziri Mapozi nyuma yake, akapunga fimbo yake ya mkia wa nyumbu, akasimama. Alikuwa mzee mrefu, aliyechoka machoni, na alichokiona kilimfanya aonekane kijana ghafla. Ukumbi mzima watu wameinamia simu zao, wanasoma, wanatabasamu, wanaonyeshana mistari kwa kidole.

"Mapozi," alisema, "wanacheka."

"Ndiyo, Mtukufu."

"Sikujua niliandika jambo la kuchekesha. Ni ile sehemu ya kutoa, bila shaka." Akamsogelea baba wa kofia, akanyoosha mkono. "Bwana, hebu nione umefika wapi."

Baba wa kofia akaiachia simu kama anayeachia roho. Waziri Mapozi akafumba macho, na safari hii hakusimama ubavu wowote.

Mtukufu alisoma. Alitegemea kuona jina lake akaona ndevu. Akarudi juu, akaanza upya, taratibu, midomo ikimchezacheza. Alipofika mwisho akarudisha simu kwa mikono miwili.

"Lugome ni nani?"

Sikudhani angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemjua pale. Lakini mama yake, ambaye hakuona uso wa mtu yeyote na hivyo hakuona sababu ya kuogopa, alisema kwa sauti ya wazi, "Ni mwanangu huyu hapa. Kuna nini?"

"Dokta," alisema Mtukufu, "hii foleni isiyo na mwisho. Ni kweli ipo, au ni mambo ya kitabuni?"

"Ipo, Mtukufu," alisema Sikudhani. "Mama yangu yumo."

"Na dawa yake?"

"Watu wapange foleni."

"Wote?"

"Wote."

"Hata mimi?"

Waziri Mapozi alimtikisia Sikudhani kichwa kwa nguvu. Walinzi walitazamana. Sikudhani alimshika mama yake mkono, akasema lile alilokuwa nalo. "Hisabati haijamtaja mtu jina, Mtukufu."

Mzee akatabasamu. "Sijapanga foleni tangu nikiwa mwalimu wa shule ya msingi. Tulikuwa tunapanga foleni ya maziwa. Yalikuwa maziwa mazuri." Akampa Mapozi fimbo yake ya mkia, akatembea mpaka kwenye nguzo, akasimama nyuma ya Katibu wa Wizara ya Mashimo.

Na hapo ndipo taabu ilipoanza. Sheria ya Itifaki ya Mbelembele inasema wazi kwamba hakuna raia anayeruhusiwa kumpa Mtukufu Kinara mgongo. Na foleni, ukiitazama vizuri, ni migongo mitupu. Katibu alipogundua kwamba amempa Mtukufu mgongo, alitoka jasho akaruka nyuma yake. Aliyekuwa mbele ya Katibu sasa akawa yeye ndiye aliyempa Mtukufu mgongo, naye akahamia nyuma. Mkuu wa Itifaki akapuliza filimbi: wote walioko mbele ya Mtukufu wahamie nyuma ya Mtukufu!

Wakahama. Sasa Mtukufu akawa wa mbele.

"Hapana," alisema, "mimi nimekuja mwisho," akaenda mwisho. Foleni nzima ikawa mbele yake, migongo mitupu. Filimbi ikalia. Ikahama nyuma yake. Akaenda mwisho. Filimbi ikalia. Kwa namna hiyo foleni ikaanza kutembea kinyumenyume, ikatoka ukumbini, ikashuka ngazi, ikazunguka kipilefti, Bi. Salome akikimbia pembeni kuinyoosha na waziri Mapozi akikimbia nyuma na mkia wa nyumbu. Wakubwa waliosikia kwamba Mtukufu yuko kwenye foleni walitoka maofisini wakajiunga, kwa kuwa kutokuwepo kungeonekana. Mara ya mwisho kuonekana siku hiyo walikuwa wakipita kiwanda cha sabuni, na Mtukufu, wanasema, alikuwa akizungumza na baba wa kofia kuhusu maziwa.

Ukumbini kulibaki watu watatu. Karani dirishani, Sikudhani, na Bi. Mwatumu, ambaye hakuhama. Alisikia filimbi, lakini alikuwa ameshika ukingo wa dirisha na hakuona sababu ya kuuachia.

"Mbona kimya?" aliuliza. "Zamu yetu?"

Karani alitazama mlango, akatazama kikongwe. "Zamu yenu," alisema. "Ila lazima aisome mpaka mwisho, mama."

"Sheria inakataza kusomewa?" Sikudhani aliuliza.

Karani akapekua mwongozo wake, hakuona katazo. Basi Sikudhani akavuta kiti akaanza kumsomea mama yake "Kujumlisha Kama Nguzo ya Umoja wa Kitaifa," neno kwa neno. Alisoma mpaka sauti ikakwaruza. Karani akamletea maji. Bi. Mwatumu hakusinzia, kwa kuwa asiyeona huzoea kusikiliza. Aliuliza maswali, alirudisha nyuma aya, na kwenye sura ya kugawanya alimsimamisha.

"Huyu bwana hataki kugawana?"

"Hataki, mama."

"Anajumlisha tu?"

"Tu."

"Na anaviweka wapi?"

Sikudhani alitazama tena ile sura, makala haikusema. Akaendelea mpaka mstari wa mwisho, na kompyuta ikalia kwa furaha, maana ilikuwa haijawahi kulia. Karani akagonga mhuri. Makala ya Mtukufu ilikuwa imepata msomaji wa kweli, ambaye hakuna aliyempika.

Sasa serikali ilibidi ijitoe kwenye jambo hili kwa heshima, na hapa waziri Mapozi alionyesha kwa nini yuko pale alipo. Alimpelekea Mtukufu habari za yule msomaji mmoja. Mtukufu, aliyekuwa amelowesha miguu kwenye beseni baada ya kutembea kote kule, alishusha kitambaa na kuinua kichwa.

"Mmoja wa kweli?"

"Wa kweli, Mtukufu. Aliuliza na maswali."

"Aliuliza nini?"

Mapozi, kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, alisema ukweli. Mtukufu hakukasirika. Alitazama maji ya kwenye beseni kwa muda mrefu, akasema kwamba hilo ni swali zuri na angelifikiria. Wanasema analifikiria bado.

Sikukuu ya Taifa ilipofika, Chuo cha Ukingoni kiliagizwa kuongeza kisanduku cha pili, kiitwacho Makala Zinazopendwa, chenye makala moja tu. Kile cha zamani hakikufutwa; kilibadilishwa jina kikaitwa Makala Zilizosomwa Kimakosa. Bwana Ndimbo alifanya kazi hiyo kwa utii na rangi ileile ya buluu. Jarida halikufungwa, mhariri hakufukuzwa, na tangu siku hiyo Wambelembele wamekuwa watu wa makosa sana. Wanaamka asubuhi wanakosea keki, mchana wanakosea soksi, na kwenye kila foleni utawasikia wakiulizana, "Wewe umeshakosea ile ya Lugome?"

Sheria ya kupanga foleni ilipitishwa pia. Inamhusu kila mtu isipokuwa waliotajwa kwenye kiambatisho, na kiambatisho ni kikubwa kuliko sheria. Lakini siku zile ambazo wakubwa wote walikuwa barabarani wakimfuata Mtukufu kinyumenyume, milango ya nyuma ilibaki bila watu, na madirisha ya Hospitali Kuu yakahudumia waliokuwa mbele. Yule dada wa kucha alipokea cheti cha Bi. Mwatumu, akakitazama pande zote mbili, akasema, "Kumbe inawezekana."

Bandeji zilifunguliwa asubuhi, pazia likiwa limefungwa nusu. Daktari alirudi nyuma. Bi. Mwatumu alipepesa macho, akatazama dari, akatazama mikono yake mwenyewe akaonekana kutoridhika nayo, kisha akamgeukia mwanawe. Alimtazama kwa kitambo, kipande kwa kipande, paji la uso, mashavu, nywele. Sikudhani alisimama wima kama aliyeitwa mbele ya darasa, machozi yakimlenga.

"Una mvi," alisema Bi. Mwatumu. "Muda wote huu nawaambia majirani mwanangu bado kigoli, na wao wananinyamazia. Sogea hapa."

Akasogea.